Siku Yetu Wawili: Idd Pili Ndani ya Takisi Mbovu



Ndugu zangu Waislamu, wazazi wenzangu na nyinyi wanafunzi mnaosoma Mbarara, kila ifikapo Februari huwa naulizwa swali lile lile na mabinti walioolewa karibuni. Wanasema, "Dada, sisi siku ya wapendanao si yetu, na pesa za hoteli hatuna. Je, mtu na mumewe wafurahi lini, na kwa kitu gani?" Leo nitawajibu kwa kueleza tunavyofanya nyumbani kwangu. Mimi si mwalimu wa dini wala si mshauri wa ndoa. Ni mama wa watoto wanne anayekaanga maandazi Base Camp, Nakivale.

Kwanza mjue tunaishi vipi, maana bila hilo hamtanielewa.

Mimi na mume wangu ni wazaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili na wa mafundi magari. Tulitoka Burundi mwaka 2015 wakati wa machafuko, tukapokewa hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi haya ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaoishi humo: yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Leo utakuta Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Adhana inasikika, alhamdulillah, na Kiswahili kinatuunganisha.

Nyumba yetu ni chumba kimoja cha udongo. Kwa miaka mingi paa lake lilikuwa ni lile turubai la UNHCR la mita 4 kwa 5, ambalo Warundi na Wakongomani tunaliita shitingi. Ndani tunalala mimi, watoto wanne na mama mkwe wangu, tukiwa tumegawanywa na pazia la kanga. Ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakuambia pole.

Mume wangu ni fundi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini, kwa hiyo alitafuta kazi Mbarara, kwenye gereji. Kupanga chumba mjini kungemaliza mshahara wote. Mwenye gereji, Mwislamu mwenzetu, Allah amlipe kheri, alimpa ruhusa ya kulala ndani ya takisi mbovu iliyosimama nyuma ya uwanja. Ni Toyota Hiace isiyo na injini. Akang'oa viti, akaweka godoro, akaziba madirisha kwa maboksi. Usiku analinda gereji, mchana anatengeneza magari, na nyumbani anakuja kila baada ya wiki mbili.

Basi hiyo ndiyo hali yetu. Nyumba moja ina watu wengi mno, na nyingine ni bodi ya gari yenye mtu mmoja.

Sasa nije kwenye ndoa yenyewe. Mwaka 2023, mwezi wa Julai, msaada wa chakula wa WFP ulibadilishwa Uganda nzima, wakimbizi wakagawanywa kwa makundi kufuatana na uhitaji. Wengine wakabaki na asilimia 60 ya posho, wengine 30, na wengine hawakupata kitu. Sisi tuliwekwa kwenye 30. Tangu hapo simu zetu zikawa za hesabu tu. "Unga umeisha." "Nimetuma elfu kumi." "Ada ya shule." "Bado sijalipwa." Akija nyumbani, mazungumzo ni hayo hayo, tena mbele ya mama yake na watoto. Siku moja wakati wa kuondoka alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama watoto, mimi siku hizi nakuja hapa kama mtu anayekuja kulipa deni." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli, na mimi nilikuwa najiona kama mtu anayedai.

Ndugu zangu, katika block yetu nimeona ndoa tatu zikivunjika. Hakuna aliyempiga mwenzake, wala aliyefanya zinaa. Zilikufa kwa hesabu. Mume na mke wakawa karani na karani, na karani wawili wakikosana hakuna cha kuwarudisha.

Hapo ndipo tulipokubaliana tuwe na siku yetu. Hatukuchagua Februari 14. Wiki ile ukipita High Street ya Mbarara utaona maputo mekundu na maua ya waridi madukani, na chakula cha watu wawili hotelini kingekula mshahara wa mume wangu wa wiki. Hata bila kuingia katika yale wanayosema masheikh, siku hiyo haikuwa na nafasi kwetu. Tukachagua Idd Pili, siku inayofuata Idd, kwa sababu nyepesi: chakula cha Idd huwa kimebaki, nguo nzuri zimeshafuliwa, watoto wana furaha yao, na gereji imefungwa. Hatukuzua ibada. Ni siku ya mapumziko tuliyoitia nia njema.

Ya kwanza ilikuwa Idd-el-Fitr ya mwaka 2024. Idd ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili. Mume wangu alikuja, tukaswali, tukala na watoto. Alhamisi asubuhi tukaondoka wawili kwenda Mbarara kupitia Isingiro, watoto wakabaki na bibi yao na jirani yangu Msomali. Nauli niliiweka tangu mwanzo wa Ramadhani, shilingi mia tano mia tano kutoka kwenye maandazi. Pilau ya jana niliipakia kwenye hotpoti, na chai kwenye chupa.

Wengine mtacheka: mke kavaa nguo ya Idd, anapelekwa kutembezwa kwenye takisi bovu! Lakini ngojeni. Alikuwa ameondoa yale maboksi na kusafisha vioo. Nikatundika kanga mbili kuwa mapazia. Nilikuja na unsi, ule ubani wanaouza Wasomali wa Base Camp, tukaufukiza mpaka harufu ya oili ikakimbia. Tulitembea kwa miguu mjini, tukavuka mto Rwizi, tukanunua bongo, yale maziwa mazito ya Ankole ambayo nchi hii haina uhaba nayo. Tukaswali Magharibi msikitini, tukarudi kula pilau katika sahani moja.

Zawadi hazikuwa za dukani. Yeye alikuwa ameniungia sigiri kwa rimu ya gari iliyotupwa, jiko zito la mkaa ambalo mpaka leo ndilo nakaangia maandazi. Mimi nilimpelekea foronya niliyoitarizi kwa mkono kama walivyokuwa wakitarizi mama zetu wa Buyenzi. Uzi ulinigharimu shilingi 1,500. Fundi huyu mwenye mikono ya grisi aliishika ile foronya kwa ncha za vidole, asije akaichafua.

Tulijiwekea sharti moja: mpaka asubuhi hakuna kutaja pesa, wala posho, wala habari ya kupelekwa nchi ya tatu. Nawaambia kweli, nusu saa ya mwanzo tulikaa kimya. Hatukuwa na la kusema! Ndipo nikajua ugonjwa wetu umefika wapi. Halafu akaanza kunikumbusha mukeke na ndagala wa ziwa Tanganyika, na jinsi wajomba zangu walivyomhoji siku ya posa, tukacheka mpaka tukaogopa mlinzi wa jirani.

Sasa nije kwenye mwaka 2025, maana ndio uliotupa mtihani.

Mwezi wa Mei mwaka huo msaada wa chakula ulisimama kwa karibu wakimbizi milioni moja Uganda. Sisi tulikuwamo. Idd-el-Hajj ikaja Ijumaa tarehe 6 Juni, mwezi mmoja tu baadaye. Nilikuwa na shilingi 15,000 nilizoziweka kwa ajili ya Idd Pili. Mama mkwe aliziona, akaniuliza, "Mwanangu, hizo ni za kuchezea, na watoto wanalala na uji?"

Swali lake lilikuwa la haki, wala sikumjibu kwa hasira. Pesa hizo zingenunua unga wa siku kadhaa. Nilifikiri usiku mzima. Nikamwambia, "Mama, unga wa siku hizo nitautafuta, na ukikosekana tutakopa kama tunavyokopa siku zote. Lakini mwanao akichoka na nyumba hii, sitapata wa kumkopa." Alinyamaza. Asubuhi alimfunga kitindamimba wangu mgongoni, akasema, "Nendeni zenu. Huyu atanisumbua mimi."

Nauli hatukuwa nayo, kwa hiyo safari hii tulibaki Nakivale. Jirani yangu Msomali aliwachukua wale watatu wakubwa, kwa zamu tuliyokubaliana: mimi nachukua wake siku nyingine. Hesabu yetu ilikuwa hivi: samaki mmoja ngege 8,000, mchele nusu kilo 2,500, maziwa 2,000, makaa 1,000, unsi 1,000. Jumla 14,500. Mia tano zilizobaki nilizirudisha kwenye kopo.

Tulikula, kisha tukapanda mwinuko ambapo unaona ziwa Nakivale. Sharti la kutotaja pesa tuliliweka tena. Lakini jua lilipoanza kushuka, mume wangu aliniomba ruhusa alivunje. Akasema, "Rafiki yangu ameniita Juba. Kuna kazi ya magari. Nilipanga kuondoka baada ya Idd, nikuambie nikishafika."

Moyo ulinishuka. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Ningekuambia wapi? Mbele ya mama? Mbele ya watoto? Au kwenye simu ya dakika mbili?"

Wallahi, hakuna alichokosea kwa jibu lile. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Alinieleza aibu aliyonayo ya kuja mikono mitupu, nami nikamwambia hofu yangu ya kulea watoto kwa simu. Tukakubaliana asiende. Angeomba mwenye gereji amlipe kwa kila gari badala ya kwa wiki, nami ningeongeza chapati kwenye maandazi. Sitawadanganya kwamba mwaka ule ulikuwa mwepesi baada ya hapo. Tulikopa, na mtoto mmoja alikosa muhula wa shule. Lakini baba yao yupo, na analala Mbarara kwenye takisi lile lile, kwenye mapazia yangu ya kanga.

Kwa hiyo, mabinti zangu mnaouliza, jibu langu ni hili. Sisi tunaoishi kwa kubanana, kitu ghali kwetu si samaki wala waridi, ni faragha. Maskini ananyimwa faragha kabla hajanyimwa chakula. Ndoa isiyopata saa mbili za peke yao inageuka kuwa ofisi. Basi ukitaka kusherehekea kwa bei rahisi, usianze kwa kuuliza utanunua nini. Anza kwa kuuliza:

Kwanza, watoto watakaa na nani? Fanyeni zamu na jirani mnayemwamini. Haigharimu kitu.

Pili, mtakaa wapi? Mwinuko, bustani, takisi bovu, chumba cha dada aliyesafiri. Penye heshima na pasipo macho ya watu.

Tatu, kitu gani hakitatajwa? Wekeni sharti la kutotaja pesa. Kama kuna zito kifuani, mwenzako ataomba ruhusa mwenyewe.

Nne, wekeni akiba ndogo mapema, mia tano mia tano, wala msikope kwa ajili ya siku hiyo. Furaha ya mkopo hudaiwa.

Na nyinyi wanafunzi ambao hamjaoa wala kuolewa, subirini wakati wenu kwa heshima. Msidhani mapenzi ni yale maputo ya High Street. Mtume wetu (S.A.W) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.), na alikuwa akinywa pale pale alipoweka mdomo wake kwenye chombo. Je, hayo yaligharimu shilingi ngapi? Na Suratul Rum, aya ya 21, imeweka utulivu, mapenzi na huruma kati ya wanandoa kuwa ni katika ishara za Mola. Hakuna mahali palipotajwa kwamba ni kwa wenye nyumba kubwa tu.

Namuomba Allah azihifadhi ndoa zetu zilizo chini ya maturubai, na zile ambazo mume yuko mbali akitafuta riziki. Awape wakwe zetu umri na afya, maana wanapotubebea watoto wanatubebea na ndoa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.