Njaa ya Mahindi

Msomaji, katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, sehemu 78 ni naitrojeni. Hata hivyo mahindi huweza kusimama katikati ya hewa hiyo yakafa njaa ya naitrojeni, mfano wa baharia afaye kiu juu ya bahari. Mmea wa nafaka hauwezi kuitwaa naitrojeni ya hewani. Huingojea mizizini, iliyoyeyuka katika maji ya udongo.

Nililelewa katika shamba la mahindi huko Trans Nzoia, na dalili za njaa hiyo nilizijua kabla sijalijua jina lake. Jani la chini hugeuka manjano nchani, kisha umanjano huufuata uti wa kati kuelekea shina. Nyanya yangu alizoea kusema, "Udongo umechoka." Shuleni nilifahamu kwamba mmea hulinyima jani kuukuu ili ulilishe jani changa, kama mzazi ajinyimaye kwa ajili ya mwanawe. Lakini ukarimu huo una mwisho: gunzi huwa fupi, na punje chache.

Je, tukiulisha udongo naitrojeni, mavuno huongezeka? Swali hili lina shamba lake mashuhuri. Mwaka 1843, huko Rothamsted, Uingereza, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza kupanda ngano katika shamba la Broadbalk kwa kulinganisha mbolea, na jaribio hilo laendelea hata leo. Kipande kisichotiwa mbolea yo yote kimezoea kutoa kama tani moja tu kwa hekta. Vipande vilivyopewa naitrojeni pamoja na fosforasi na potasiamu vimekishinda kwa mbali. Na vilivyopewa naitrojeni peke yake havikuvifikia hivyo. Tena ilionekana kwamba kipimo cha kwanza cha naitrojeni huzidisha mavuno sana, na vifuatavyo huzidisha kidogo kidogo, mpaka hufika mahali ambapo kuongeza ni kupoteza. Chumvi hukoleza mchuzi, lakini hakuna mpishi amwagaye kibaba kizima chunguni.

Jambo hili latuhusu sisi hasa, maana mkulima wetu mdogo hununua mbolea kwa fedha chache. Gunia la kilo 50 la CAN yenye naitrojeni asilimia 26 lina kilo 13 za naitrojeni. Gunia kama hilo la yurea, yenye asilimia 46, lina kilo 23. Basi asiyesoma maandishi ya gunia hajui alichonunua. Na aliyesoma bado ana kazi. Akitia mbolea kabla ya kupalilia, magugu hula kwanza. Akiitupa yurea juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake hugeuka gesi ikaruka. Akiitia yote mapema, mvua nyingi huweza kuizamisha chini ya mizizi. Kwa hiyo wakulima wengi huweka akiba ya kukuzia mpaka mahindi yafike magotini, udongo ukiwa na unyevu.

Wala wingi si wema wakati wote. Ngano iliyolishwa kupita kiasi hurefuka, shina likalegea, ikalala kwa upepo. Mbolea za amonia zitumiwapo miaka mingi huuchachusha udongo, na hapo hutakiwa chokaa ili mizizi ifaidi chakula kilichomo. Samadi nayo isidharauliwe, wala maharagwe na kunde, ambazo katika vifundo vya mizizi yake huishi vijidudu viwezavyo kuikamata naitrojeni ya hewani.

Msomaji kijana, usidhani elimu hii ni ya mtihani tu. Katika nyumba nyingi fedha ya mbolea na fedha ya karo hutoka mfuko mmoja. Gunia lililotumiwa ovyo huweza kumrudisha mtoto nyumbani katikati ya muhula. Uendapo likizo, tembea shambani uyatazame majani ya chini. Kabla gunia halijafunguliwa, waulize wazee wako kwa heshima: magugu yametoka? Udongo una unyevu? Na kila shina litapata kiasi gani? Ukiweza kuwasaidia kupiga hesabu hiyo, utakuwa umeanza kulipa karo yako mwenyewe.