Pikipiki ya marehemu baba mdogo imewaka tena

Butembo. Wiki hii siwaletei habari ya mkutano wala ya bei za sokoni. Nawaletea habari ya pikipiki moja ya zamani, Yamaha AG100, na ya watu wawili waliobishana juu yake: mama mdogo wangu, aliyetaka kuiuza kama vyuma vya kuyeyusha, na fundi mmoja aliyekimbia vita, aliyesema bado ina uhai.

Wenye umri wanaifahamu AG100. Kampuni ya Yamaha iliitengeneza kwa kazi za shamba, kwa watu wanaofuata mifugo katika matope. Ina vibebeo vya mizigo mbele na nyuma. Mnyororo wake umefungwa ndani ya kifuniko, udongo usiutafune. Injini yake ni ya mipigo miwili, ile tunayoita detan. Kabla pikipiki za Uhindi na China hazijajaa barabarani kwetu, ukisikia mlio wake mkali kilimani ulijua anakuja muuguzi, padri, mchungaji au mtu wa kilimo.

Baba mdogo alikuwa muuguzi upande wa Kirumba. Kisanduku cha baridi cha chanjo alikifunga nyuma kwa kamba ya mpira wa tairi. Alipofariki, pikipiki ilibaki chini ya paa la nyumba. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga, watu walikimbia kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa nambari 2. Mama mdogo alitoka na watoto watano. Jirani mwenye lori aliitupa pikipiki juu ya magodoro, hata bila kuulizwa. Hapa Butembo familia moja iliwapokea, lakini ndani hapakuwa na nafasi ya chuma. Pikipiki ililala nje, kando ya choo, ikanyeshewa karibu mwaka mzima.

Mnunuzi wa vyuma alikuja akatoa dola 25. Kwa mama anayelipia chumba na daftari za watoto, dola 25 si mchezo. Nilipomwambia asubiri, alinijibu: "Mwanangu, chuma hakiliwi." Sikuwa na jibu. Nilimwomba siku moja tu, nikaenda kumwita fundi.

Fundi huyo ni mzee wa Kanyabayonga. Kule alikuwa na karakana yake na vijana wanne aliowafundisha. Alikimbia na kle moja tu, nambari 10, iliyokuwa mfukoni kwa sababu alikuwa akiitumia risasi zilipoanza. Sasa anafanya kazi chini ya turubai katika komini ya Mususa. Huazima vyombo kwa vijana wa hapo, na yeye huwalipa kwa kuwafundisha.

Alichuchumaa, akasukuma kik kwa mkono. Ikakataa. Akatoa buji, akachungulia tundu lake kwa tochi ya simu, akasema: "Mama, pistoni imeshika. Lakini imeshikwa na kutu, haikushikwa na moto. Ingekuwa moto, ningekuambia uza."

Alitueleza tofauti. Injini ya detan ikikosa oili huku inakimbia, pistoni huvimba kwa joto, hukwaruza silinda na kujigandisha humo. Hapo mara nyingi vyuma vimeumizana vibaya. Kutu hukamata kwa nje, na ukiwa na subira hukubali kuachia.

Subira yenyewe ilikuwa hii: alimimina mazutu iliyochanganywa na oili katika tundu la buji, akafunika kwa kitambaa, akaacha siku sita. Vijana walitaka kutumia nyundo. Aliwakataza, maana pistoni ni ya alumini na hupasuka mapema kuliko kutu. Siku ya sita aliingiza gia, akawa anatikisa gurudumu la nyuma, mbele kidogo, nyuma kidogo. Mwanzo hakuna kitu. Halafu likasogea upana wa kidole. Nilimwangalia mama mdogo. Hakusema neno, ila siku hiyo hakutaja tena mnunuzi wa vyuma.

Baada ya kufungua, tuliona ukweli. Silinda ilikuwa na mashimo madogo ya kutu, na segma zilikuwa zimeganda katika nafasi zake. Ilibidi mtu wa mashine ya kuchonga vyuma aipanue silinda, na tutafute pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita. Hapa mjini vipuri vya pikipiki mpya vimejaa maduka mazima, lakini vya AG100 ni vya kutafuta kwa tochi. Mfanyabiashara mmoja anayekwenda Kampala kwa njia ya Kasindi alituletea pistoni na segma zake. Tulingoja wiki tatu.

Wiki hizo fundi hakukaa bure. Kazi alizofanya naziandika hapa, kwa sababu wengi wenu mna pikipiki zilizolala.

Tangi lilikuwa limejaa kutu ndani. Alitia changarawe safi na maji ya ndimu nyingi, akawapa watoto walitikise kwa zamu, akalisuuza, akalikausha siku hiyohiyo juani, kisha akalipaka oili ndani ili kutu isirudi. Palikuwa na tundu dogo chini. Kijana mmoja alitaka kuliunga kwa moto papo hapo. Mzee alimpokonya tangi mikononi. Tangi lililowahi kubeba petroli, hata likiwa tupu, hubaki na mvuke, na mvuke huo ndio unaolipuka. Linaoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, ndipo linakwenda kwa muungaji anayejua kazi hiyo.

Karbirateri aliifungua yote. Jikleri, yaani kile kishaba chenye tundu jembamba, hakukizibua kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu na kuharibu kipimo cha petroli. Alikiloweka katika petroli na kukipuliza.

Spi za pande mbili za injini alizibadilisha zote. Katika detan, spi iliyokauka huruhusu hewa ya ziada kuingia, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na injini inachemka hadi kushika. Watu hununua pistoni ya pili na ya tatu bila kujua kwamba adui ni mpira wa bei ndogo.

Mwisho, pampu ya oili. AG100 ina tangi lake la oili, na pampu huipeleka kwenye injini yenyewe. Pampu iliyolala muda mrefu haiaminiki. Kwa hiyo petroli ya kwanza alichanganya na oili kwa mkono, mililita 40 kwa kila litre, akatoa hewa katika mrija, akaendelea kuangalia mpaka alipoona oili inatembea.

Alipofika kwenye kibebeo cha nyuma alikuta ile kamba ya mpira bado imefungwa, imekauka kama ngozi. Alishika kisu, kisha akasimama na kuuliza: "Mama, hii niikate?" Mama mdogo aliiangalia kitambo. "Iache," alisema. Imebaki hapo mpaka leo, haifungi kitu.

Gharama zote zilifika dola 140. Mimi nilitoa sehemu, familia iliyowapokea ikaongeza, na mama mdogo akaleta iliyobaki kidogo kidogo kutoka kwenye biashara yake ya maharagwe. Malipo ya kazi yenyewe mzee hakutaka pesa tupu. Aliomba nusu yake iwe kle. Tulikwenda pamoja sokoni, akachagua moja moja, akizipima kwa kidole kama mtu anayechagua mbegu.

Iliwaka kwa kik ya tano. Moshi mweupe ulijaza ua, watoto wakakimbia huku wakicheka, majirani wakadhani kuna moto. Sasa kijana mkubwa wa mama mdogo anaitumia kubeba makaa na ndizi kuelekea sokoni, na jioni humpa mama sehemu ya alichopata. Sitawadanganya: inakunywa petroli kuliko pikipiki mpya, inadai oili yake, na kipuri kikivunjika tutangoja tena njia ya Kampala. Lakini dola 25 zingekuwa zimekwisha kabla ya mwezi. Pikipiki bado inafanya kazi.

Jambo ninalotaka tulizungumze ni hili. Familia zinapofika kutoka vitani, tunahesabu vinywa. Tunauliza ni wangapi, watakula nini, watalala wapi. Ni haki kuuliza hivyo. Lakini hatuhesabu mikono. Chini ya turubai hizi kuna mafundi, washonaji, walimu, wakunga, watu waliopoteza karakana na kuku na mashamba, lakini hawakupoteza wanachokijua. Mzee huyu alifika na kle moja, na katika kichwa chake mlikuwamo karakana nzima. Ilibaki mtu kumletea kazi.

Kwa hiyo, mwenye chuma cha zamani nyumbani, iwe pikipiki, cherehani, au mashine ya kusaga, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma mwite kwanza fundi, na katika mafundi mkumbuke yule aliyefika jana. Huenda akakuambia uza. Hata hilo ni kazi yake, mlipe.

Mzee yuko chini ya turubai yake kila asubuhi isipokuwa siku ya Mungu. Sanduku lake sasa lina kle tisa. Anasema inayomkosa ni nambari 17, ya kufungulia gurudumu la nyuma, na vijana waliokuwa wakimwazima vyombo sasa wanakuja kuazima kwake.