Cheni Imekaza Kama Gitaa, Halafu Unaingia Nayo Porini?

Kuna jamaa mmoja hapa mjini, jina kapuni, ana wafuasi wa kutosha mitandaoni na ana pikipiki ya porini ambayo wengi wetu tunaiona kwenye ndoto tu. Juzi kati kaweka video kachuchumaa pembeni ya tairi la nyuma, anaipiga cheni kwa kidole, haitikisiki hata kidogo, halafu anacheka: hivi ndivyo inavyotakiwa, kimya, hakuna kelele. Video ikatembea balaa. Madogo kibao wakashika spana.

Mimi jamaa namkubali. Kwenye matope ana roho ngumu na anajua kuiongoza pikipiki. Ila kwenye hili la cheni kawaingiza watu chaka, na nalisema kwa sababu mshkaji wetu mmoja, naye jina kapuni, mpaka leo hawezi kunyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto.

Tulikuwa watano, tumetoka Morogoro mjini tunaelekea Matombo. Njia ya vumbi, mawe, na vikorongo vilivyochimbwa na mvua. Mshkaji alikuwa ameikaza cheni yake usiku wa kuamkia safari, na asubuhi akawa anatamba jinsi pikipiki ilivyo kimya. Tukafika kwenye korongo moja, akashuka nalo, shokapu ikabonyea mpaka mwisho, tukasikia mlio kama wa kiboko. Cheni imekatika, imejikunja kwenye sproketi ndogo ya mbele, tairi la nyuma limegoma kuzunguka. Yeye huyo chini. Mtulinga ukavunjika, na kava la injini likapasuka, oili yote ikamwagika mchangani. Bahati spidi ilikuwa ndogo. Cheni ilikuwa na umri wake, hilo silikatai, lakini cheni mzee ndiyo haitaki kabisa kuvutwa namna ile.

Sasa sikia kitu ambacho wengi hatuambiwi. Cheni haina urefu mmoja wa kuhitajika muda wote. Tairi la nyuma linapanda na kushuka likiwa limeshikwa na ule mkono ambao mafundi wanauita swingamu. Swingamu ina bolti yake kubwa pale inapoungana na fremu. Tairi likipanda kutoka chini, kuna mahali vitu vitatu vinakaa kwenye mstari mmoja: katikati ya sproketi ndogo, bolti ya swingamu, na ekseli ya tairi. Hapo ndipo umbali kati ya sproketi mbili unakuwa mkubwa kuliko pengine popote, na hapo ndipo cheni inakaza kuliko wakati wowote. Ukikaza pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, tairi linaning'inia, wewe unaona safi. Ukikaa juu na begi lako la maji, ukapiga shimo, cheni inadaiwa urefu ambao haina.

Pikipiki ndogo ya barabarani shokapu zake zinacheza kama sentimita 10 hivi, kwa hiyo tofauti siyo kubwa. Zile za porini zenyewe, za mashindano, tairi linaweza kusafiri sentimita 25 hadi 30. Ndiyo maana pikipiki nyingi za barabarani zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30 tu, wakati za porini nyingi zinataka 35 hadi 50, na nyingine hata zaidi. Kwa mtu aliyezoea bodaboda, cheni ya porini iliyopimwa vizuri inaonekana imelegea hovyo. Haijalegea. Imeachiwa nafasi ya kupumua.

Fundi mmoja mtu mzima kule Morogoro, alipoletewa lile kava lililopasuka, hakuuliza mengi. Alimwangalia mshkaji na bandeji yake akasema, "Kijana, pole sana. Ukipona, kabla hujashika spana, mwite mwenzako aikalie pikipiki. Ndiyo upime." Mshkaji akajibu, "Nimekusikia, mzee." Hiyo ndiyo siri yenyewe. Mwenzio akae, wa pili asaidie kubonyeza nyuma mpaka vile vitu vitatu vikae mstari mmoja. Pikipiki ikiwa ngumu kubonyea, fungua bolti ya chini ya shokapu, ila iwe imeegemezwa vizuri, kisha unyanyue tairi kwa mkono. Hapo ilipokaza zaidi, cheni lazima ibaki na mchezo kidogo, kama milimita 10. Ikiwa haina kabisa, legeza, hata kama video imesema nini.

Baada ya hapo irudishe kwenye stendi, pima mchezo, andika hiyo namba. Ndiyo namba yako. Linganisha na stika iliyobandikwa kwenye swingamu au kitabu cha pikipiki, na angalia wanasema upimie wapi, maana wengine wanapimia chini katikati, wengine juu karibu na mwisho wa ule mpira wa kuzuia cheni isikwaruze swingamu. Kuna wanaopima kwa kuchomeka vidole vitatu. Sawa, lakini vidole vya nani? Rula ni bei ya soda.

Kukaza kwenyewe siyo kazi kubwa. Injini zima, gia huru. Hapa sitanii: kuna watu wanawasha pikipiki, wanaweka gia, tairi linazunguka lenyewe, wao wanapitisha kitambaa. Kitambaa kikinaswa, vidole vinakifuata. Zungusha tairi kwa mkono, taratibu, upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Sehemu iliyokaza zaidi ndiyo unayoitumia. Legeza nati kubwa ya ekseli, kisha zungusha bolti za kurekebishia kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, robo mzunguko, robo mzunguko. Zile alama za kwenye swingamu usiziamini sana. Chutama nyuma, funga jicho moja, ichungulie cheni inavyoondoka kwenye sproketi kubwa: kama inapinda, tairi limekaa upande. Ukimaliza, chomeka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi kubwa kwa chini, zungusha tairi mbele kidogo ili ekseli ivutwe mbele ikae sawa, ndiyo ukaze nati. Toa kitambaa, pima tena. Nati ikikazwa, kipimo huwa kinahama.

Halafu hii habari ya kelele. Cheni ya porini inaweza kugonga mpira wa swingamu kidogo ukiachia mafuta kwenye mawe, kazi ya ule mpira ndiyo hiyo. Iliyolegea kupita kiasi nayo ni shida, itaruka meno. Ila cheni iliyokazwa sana unaisikia ikiwa umechelewa: beringi ya shafti ya sproketi ndogo imekufa, sili inavuja, meno yamechongoka kama papa. Bei yake ulizia mwenyewe.

Kama kila baada ya safari mbili unakaza tena, cheni imeisha, acha kuihangaikia. Ile ya namba 520, pingili 20 zikiwa mpya ni milimita 317.5. Ikivutika kwa asilimia 2, kama 324 hivi, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Na kama inafungwa kwa kilipu, upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Oili chafu ya injini nayo muiache, jamani. Ina vumbi la chuma, ikikutana na mchanga unapata msasa. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, maana petroli na brashi ya waya vinaua vile vipete vya mpira kati ya pingili. Futa, paka mafuta ya cheni upande wa ndani ikiwa bado ina joto la safari, kisha iache ilale. Asubuhi futa yaliyozidi, ndiyo uondoke.