Kipawa, kwa babu mwenye ndege iliyosubiri herufi tano

Wiki hii sikwenda ufukweni, sikwenda klabu, wala sikualikwa kwenye shughuli ya mtu. Nilikwenda Kipawa. Najua unacheka. Kipawa kuna nini zaidi ya vumbi, gereji na ndege zinazokupita utosini mpaka hulisikii jibu la muuza nyanya? Hata mimi nilisema hivyohivyo, mpaka mshkaji wangu mmoja aliponiambia mtaani kwao kuna babu ana ndege chumbani.

"Ndege?"

"Ndege. Ila imekwama, haina namba."

Hapo nikaona hii habari. Jumamosi moja ya Julai nikadandia daladala ya Gongo la Mboto pale Kariakoo, nikasimama kwa mguu mmoja mpaka Tazara, maana mguu wa pili ulikuwa juu ya gunia la mtu. Tukapanda daraja la Mfugale, lile la mwaka 2018, upepo ukaingia kidogo, watu wakapumua. Njia panda ya Airport nikashuka, nikakata ndani kwa miguu. Kipawa ya leo si ile ya zamani, kwani kuna mitaa ilibomolewa kupisha uwanja wa ndege, na waliobaki wanazungumza na majirani waliohamishwa kwa simu tu. Ila kelele ni zilezile. Kila ndege ikishuka mazungumzo yanakatika, watu wananyamaza, ikishapita wanaendelea palepale walipoachia. Wageni tu ndio tunaoinua vichwa.

Nyumba yenyewe ya kawaida, bati jekundu, mwembe mlangoni, karai la mchele linapepetwa. Nikapiga hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye wa gazeti? Hebu nioneshe mikono."

Sikufichi, nilidhani anatafuta uchafu. Kumbe anatazama kama inatetemeka! Yake inatetemeka. Ana miaka sabini na kitu, jicho moja limefanyiwa upasuaji, la pili linasubiri. Kaniomba jina lake nisilitaje, nami nakubali.

Chumbani ndiko kwenye mambo. Dirishani kuna meza, juu yake taa ya kusomea, kisahani cha maji, wembe, kibanio cha kutolea miiba, vijiti vya pamba vya masikioni na brashi mbili nyembamba. Katikati, juu ya taulo, kuna Super VC10. Nyeupe pe, mabawa yamerudi nyuma, injini nne zimebanwa mkiani mbili mbili, na mkia mrefu umebeba bawa dogo juu kabisa kama herufi T. Ndege ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 52 na ushee. Hii imepunguzwa mara 144, hivyo ni sentimita 36, sawa na mkono wangu toka kiwiko hadi vidole vinapoanza.

Wewe uliyezaliwa juzi pengine huijui. East African Airways lilikuwa shirika letu sote, Kenya, Uganda na Tanzania, lilianza mwaka 1946, makao yake Nairobi. Mwaka 1966 wakaanza kupokea Super VC10 kutoka Uingereza, na mpaka 1970 walikuwa wameletewa tano. Babu aliajiriwa pale akiwa kijana mdogo, fundi wa injini. Mwaka 1977 shirika likafa, Jumuiya nayo ikavunjika mwaka huohuo, yeye akarudi Dar na sanduku moja la nguo na moja la spana. Jumuiya mpya ikaja baadaye, mkataba wake ulisainiwa mwaka 1999, lakini shirika la pamoja la ndege halikurudi.

"Ile tano si zilikuwa tano?" nikauliza kama mjinga.

Akanyamaza kidogo. Moja, 5X-UVA, ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ilipokuwa inataka kuruka, watu 43 wakafa. Zikabaki nne. Hakuongeza neno, nami sikuchokonoa.

Hizo nne baada ya 1977 zilirudi kwa waliozitengeneza, kisha jeshi la anga la Uingereza likazichukua na kuzigeuza tanki la mafuta linaloruka, zikawa zinanywesha ndege nyingine angani. Mojawapo ni 5H-MOG. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, kwa hiyo hiyo ilikuwa yetu kwa namba. Ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, ya 54. Waingereza wakaipaka kijivu, wakaiita ZA150, ikafanya kazi mpaka Septemba 2013 ilipotua Dunsfold, kusini mwa London, na ikahifadhiwa pale na watu wa makumbusho ya Brooklands. Niliitafuta kwenye simu nikamwonesha babu. Akasogeza simu mpaka puani. "Wamemvika magwanda," akasema.

Hiyo ndiyo anayoijenga, kabla ya magwanda. Mpwa wake aliyeko Uingereza alimletea boksi la vipande na karatasi moja ya stika. Moja tu! Plastiki aliiunganisha mwenyewe, akapiga msasa, akapaka rangi. Kwenye stika akakwama. Mkono haumtii. Ndege ikakaa miaka miwili bila namba.

Sasa usidhani ni stika zile za bajaji, unabandua unabandika umemaliza. Hizi ni stika za maji. Picha imechapwa kwenye utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na utando umekaa juu ya karatasi yenye gundi inayoyeyuka. Ukilowesha, gundi inalegea, utando unateleza wenyewe. Ukiukosea unajikunja kama ukoko wa chapati, na ukishajikunja kuukunjua ni kazi ya malaika.

Babu akashusha kutoka kabatini ndege yake ya kwanza, Dakota DC-3. Ukiitazama kwa mbele ni nzuri. Ukiigeuza kwenye mwanga, kila herufi imezungukwa na ukungu wa fedha, kama magamba ya dagaa. "Hapa nilibandika juu ya rangi kavu isiyong'aa," akasema. Rangi ya namna hiyo ukiitazama kwa ukaribu ni kama barabara ya changarawe, ina mashimo. Utando unalala juu ya vilele, hewa inabaki chini, mwanga ukipiga inameta. Dawa yake ni kupiga vanishi ya kung'aa kwanza, uso uwe laini kama kioo, ndipo ubandike. VC10 ameshaipiga vanishi, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa masika na unyevu wa Dar uliigeuza vanishi ikawa nyeupe kama maziwa. Ikabidi aikwangue taratibu kwa msasa wa maji, asubiri jua. Nani alikwambia ufundi huu ni wa Ulaya tu? Ulaya hawana masika yetu.

Tukaanza. Feni ikazimwa, mlango ukafungwa, joto likawa ile mbaya. Mjukuu wake wa darasa la sita akawekwa kwenye kisahani, maana macho yake ndiyo mazima kuliko ya wote humo ndani. Mimi brashi. Babu kiti cha nyuma, kama rubani mwalimu.

Kwanza tukajaribu stika isiyohitajika, namba ya ndege nyingine iliyokuwa pembeni ya karatasi. Hii usiiruke, msomaji wangu. Karatasi ikikaa miaka mingi utando unakauka, ukiutia majini unapasuka vipande kama sahani, na ukijaribia kwenye ile unayoihitaji umekwisha. Ikionekana inapasuka, unaipiga karatasi nzima vanishi nyembamba, inakauka, inajishika upya. Yetu ilitoka salama.

Mjukuu akakata kwa wembe karibu kabisa na picha, akadumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, akahesabu mpaka kumi na tano, akaitoa na kuilaza juu ya tishu. Nikanyoosha brashi.

"Bado, kaka," akanambia yule mtoto. "Inatakiwa ijilegeze yenyewe."

Dakika nzima tumeitazama karatasi! Kumbe ndiyo siri yenyewe. Sehemu inapokwenda unailowesha kwanza kwa maji yenye siki kidogo, siki nyeupe ya dukani iliyozimuliwa, inasaidia utando kushika. Halafu unaleta karatasi mpaka kwenye ndege, unatelezesha picha moja kwa moja kutoka karatasini. Huinyanyui hewani kwa vidole kama unaanika soksi. Ikishafika unaielea juu ya maji, unaisogeza kwa brashi mpaka ikae, ndipo unanyonya maji kwa pamba, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni umeifungia hewa ndani.

Mistari ya rangi ya ubavuni, ile inayokwenda na madirisha, ndiyo iliyotutoa jasho. Ni mirefu karibu kama ndege yenyewe. Babu akaamuru ikatwe vipande vitatu, na kila kiungo kiangukie penye mlango, kwa sababu pale kuna mstari tayari na jicho halitaona. Mjukuu anashika mwanzo, mimi mwisho, tunatembea pamoja kama watu waliobeba kitanda. Upande wa kulia ulichukua saa nzima. Ndege tatu zilishuka uwanjani na hakuna aliyesikia.

Kuna pia dawa ya kulainisha, inauzwa kwenye vichupa vidogo huko ughaibuni, mpwa alileta kimoja. Unaipaka juu, utando unalainika na kuzama kwenye kila mchirizi wa bodi mpaka unaonekana umepakwa rangi. Lakini dakika chache za mwanzo unajikunyata kunyanzi tupu, na moyo unakulipuka. Nikataka kuunyoosha. Nikapigwa kibao cha mkono. "Usiguse! Utalala wenyewe." Ukalala kweli. Palipobaki kipovu, babu alinipa sindano nikitoboe, nikaongeza tone, kikaisha.

Tukafika kwenye namba. 5H-MOG, herufi tano na kistari, fupi kuliko punje ya mchele. Upande wa kulia ikakaa vizuri. Sasa kichwa kikavimba, nikajiona fundi. Upande wa kushoto sikungoja dakika. Niliisukuma kwa brashi, kona moja ilikuwa bado imeshika karatasi, nikasikia kwenye vidole kitu kama uzi unakatika.

Ilipasuka kati ya M na O.

We acha tu. Mtoto alifunika mdomo. Mimi jasho lilikauka. Karatasi ni moja, nyingine haipo, na mwenye ndege ameisubiri miaka miwili ili mimi na kiherehere changu tuje tuichane. Nikaanza kuomba radhi, babu akanikata.

"Iko wapi? Iko kwenye maji?"

"Iko kwenye maji, mzee."

"Basi haijafa. Usiifukuze. Ilishe maji."

Akaniambia niongeze tone, vipande vyote viwili vielee. Nisivute kwa ncha ya brashi, nisukume maji tu, maji ndiyo yavisogeze. Alikuwa haoni ninachofanya, kwa macho yale hakuna aonacho umbali huo, lakini alikuwa anauliza kila hatua na mjukuu anajibu. Imesogea? Kidogo. Imepinda? Imepanda juu. Rudisha. Sasa? Sasa imegusana, babu. Nyonya maji kwa kona ya tishu, usiguse herufi. Nikanyonya. Nikashika pumzi mpaka nikaona nyota.

Ikakaa. Ukiinamia kabisa utaona upenyo mwembamba kama unywele kati ya M na O. Nilisema labda tupake rangi nyeupe kidogo, babu akakataa, akasema mikono yetu imechoka na rangi itatia doa. Ikaachwa usiku kucha ikauke. Kesho yake, nimeambiwa kwa simu, mjukuu aliifuta kwa kitambaa chenye maji kuondoa mabaki ya gundi, maana yakibaki yanageuka manjano, na wakati nakuandikia inasubiri vanishi ya mwisho siku ya jua kali.

Kabla sijaaga tuliijaribisha kwenye rafu, pembeni ya Dakota. Mtoto akaigeuza ule upande wangu wenye upenyo ukatazama ukutani.

"Hapana," babu akasema, akaigeuza tena yeye mwenyewe kwa mikono miwili, polepole. "Kushoto ndiko injini namba moja na namba mbili. Ndizo nilizokuwa nafanyia kazi mimi."

Juu ya bati ikapita ndege nyingine inashuka. Safari hii babu ndiye aliyeinua kichwa.