Safari ya Ujiji



Wengi wenu mmesoma habari za Ujiji, lakini waliofika si wengi. Sisi tulikwenda pamoja na walimu wawili na watoto wa darasa la sita, na twapenda kuwaeleza tuliyoyaona, maana yako mambo pale ambayo yafaa wazazi na walimu wayafikiri kabla ya kuwapeleka watoto wao.

Ujiji uko mwendo mfupi kusini ya Kigoma. Siku hizi Kigoma ndiyo bandari. Lakini kabla ya reli kufika huko mwaka 1914, Ujiji ndio uliokuwa mlango wa ziwa. Aliyetoka pwani alishika njia ya Tabora, akatembea zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kukaa, wakifanya biashara ya pembe na ya watu. Wengi wa watumwa hao waliletwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, nchi ya Manyema, kisha wakapelekwa pwani katika minyororo.

Penye ukumbusho pana jiwe na miembe. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa zamani. Iliyopo ni vipandikizi vyake. Watoto walistaajabu kwamba maji yako mbali. Tukawaeleza kwamba katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa mno, hata maji yakapasua njia katika mto Lukuga, upande wa Kongo, ndipo ziwa likashuka.

Kijana mmoja akalitazama jiwe, akauliza, "Mwalimu, na majina ya wapagazi yako wapi?" Swali hili lilitupendeza. Tukamweleza habari za Susi na Chuma. Susi ndiye aliyekimbia kumwambia Livingstone kwamba mgeni anakuja. Tena Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, hao wawili na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakauchukua miezi mingi mpaka Bagamoyo. Ulipozikwa London mwezi wa Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo mazishini.

Ndipo binti mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi wa bibi yake aliletwa Ujiji katika mtumbwi, naye hakuja kwa hiari. Mwenzake akacheka. Mwalimu wake hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia, "Mwanangu, aibu ya mnyororo ni ya aliyeufunga, si ya aliyefungwa." Yule kijana akainama, wala hakucheka tena.

Wasomaji, neno hili si jepesi. Katika mji ule wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa hununua dagaa sokoni pamoja, na watoto wao hukaa ubao mmoja darasani. Mwalimu akinyamaza, mtoto atayasikia mambo haya njiani kwa matusi. Akiyasema kwa hasira, atawagombanisha majirani ambao hawakutenda lo lote. Basi na ayaseme yote, polepole, bila kumnyoshea kidole aliye hai.

Tulirudi Kigoma jioni, tukawaonyesha watoto ziwa ambalo kina chake chafika mita 1,470, tukawasimulia habari za meli Liemba. Wadachi waliileta vipande vipande, wakaishusha majini mwaka 1915, na mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isitwaliwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikaanza kazi tena mwaka 1927. Hata mwezi wa Mei 2015, watu wa Burundi walipoyakimbia machafuko wakajaa ufukoni Kagunga, meli ile ile ya vita iliwachukua mpaka Kigoma.

Kwa hiyo mkiwapeleka watoto Ujiji, msiwaonyeshe jiwe tu. Waulizeni wazee wa nyumba zenu walitoka wapi, na walifikaje. Majibu yao mengine yatakuwa machungu. Yapokeeni kwa heshima, mkayaandike, kwa maana jiwe lile halina nafasi ya majina yao yote.