Nyongo Kichwani

Ndege ilipoanza kushuka Guangzhou, nilidhani mtu ananipigilia msumari juu ya jicho la kushoto. Wenye sainasi watanielewa. Yale matundu yaliyo ndani ya mifupa ya uso yakizibwa na makamasi, hewa hukosa pa kupita, na ndege inaposhuka uso mzima hukamuliwa kama nazi. Kipandauso hicho kilikuwa na mwaka wa sita. Nimemeza antibayotiki za kila rangi, nimejifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi hadi watoto wakanikimbia. Kunusa ndiyo nilishasahau kabisa. Mimi ni muuza viungo Kariakoo, na mdalasini niliujua kwa macho tu.

Sikwenda China kutafuta tiba. Ilikuwa Oktoba, msimu wa Maonesho ya Biashara ya Canton, yanayofanyika hapo Guangzhou tangu 1957, nami nilifuata mashine ndogo ya kufungia viungo kwenye pakiti. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayesafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, alinipokea uwanjani akanitazama usoni.

“Shikamoo shemeji. Mbona macho yamevimba hivyo?”

“Marahaba. Ni hii pua.”

“Basi mashine zitangoja. Kesho twende hospitali.”

Aliposema ni hospitali ya dawa za asili za Kichina, nikajiandaa kukuta kibuyu na moshi. Nikakuta jengo la ghorofa, foleni ya namba, na chumba cha CT. Kwanza walinipitishia kamera nyembamba puani kuangalia kama kuna vinyama vimeota. Havikuwapo. Ndipo nikapelekwa kwa daktari, mama wa makamo, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu, kulia kisha kushoto, kimya kwa muda mrefu. Akataka kuona ulimi.

Jibu lake shemeji alilitafsiri kwa mashaka: moto wa nyongo umepanda kichwani. Nikacheka. Bibi yangu, aliyefariki bila kuuvuka mto Ruvu, kila alipoumwa kichwa alisema nyongo imempanda.

Swali lililofuata lilimtia shemeji jasho. Akautazama ukuta. “Shemeji, samahani sana, anauliza kama... kama una mimba.” Kumbe kuna sehemu kati ya kidole gumba na cha shahada ambapo wao hawamchomi mjamzito. Nilikuwa sina. Shemeji akatoka nje upesi, na sindano zikaingia: mbili pale mkononi, moja kati ya nyusi, mbili pembeni mwa pua. Hazikuuma. Kilichokuja ni uzito na ganzi, kama mkono uliolaliwa. Sehemu ile ya pembeni mwa pua wanaiita Yingxiang, maana yake kukaribisha harufu. Nikaona ni jina la kebehi kwa mtu kama mimi.

Dawa zilifungwa kwenye karatasi. Vitumba vya maua vyenye manyoya, ambavyo huchemshwa ndani ya kitambaa ili manyoya yasiwashe koo. Mnanaa, wa kutiwa mwishoni. Na mbegu za miiba, zile za kunasa kwenye nguo, zilizokaangwa. Hapo daktari alirudia mara mbili: zikiwa mbichi zina sumu, ini linaweza kuharibika, na hata hizi nisizidishe siku alizoandika. Mganga anayekutajia madhara ya dawa yake mwenyewe humkuti kila siku.

Shemeji alinikumbusha kuwa dawa mseto ya malaria asili yake ni mmea wa dawa za Kichina, kazi iliyompa Tu Youyou tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Kweli, nikamwambia, lakini ile ilipita maabara kwanza. Nikanywa hivyo hivyo. Ni chungu, afadhali shubiri.

Sindano nilirudia mara tatu. Pia niliagizwa kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, asubuhi na usiku, na kwa wiki nzima nilikuwa mbali na vumbi la pilipili. Kwa hiyo nani alifanya kazi, sindano, majani, chumvi, au likizo ya pua, siwezi kuapa.

Siku ya saba tulipanda metro hadi Huangsha, tukaingia soko la Qingping kutazama bei za viungo. Magunia ya maganda makavu ya machungwa, uyoga, mizizi, vijifarasi vya baharini vilivyokaushwa. Nilisimama nikimsikiliza muuzaji nisiyemwelewa, ghafla nikamshika shemeji mkono.

“Shemeji, nasikia harufu ya uduvi. Kama niko soko la samaki la Feri!”

“Shemeji,” akasema, “tumesimama mbele ya uduvi robo saa sasa.”