Taya la Dogo na kiinua mgongo cha Mzee

Wadau, nimepotea kidogo. Sijaacha kazi wala sijaoa, msianze maneno. Nilikuwa nahangaika na mdomo wa mdogo wangu.

Dogo ana miaka 9. Ndiye kitinda mimba wetu, golikipa wa mtaa mzima, na meno yake ni yale yale niliyokuwa nayo mimi umri huo: ya juu yametangulia, taya la chini limebaki nyuma kama abiria aliyeachwa na daladala. Shuleni wanamwita Sungura. Mimi pia niliitwa Sungura, shule nyingine, mkoa mwingine, kwa hiyo nadhani jina hilo linagawiwa na wizara. Kwangu hakuna aliyefanya lolote. Leo nimefuga ndevu, na wanaonijua wanajua zinaficha nini.

Mwezi uliopita Mzee alipata kiinua mgongo chake. Siku ile ile akatamka: meno ya Dogo yatengenezwe sasa, hela ikiwepo. Mnajua kiinua mgongo kilivyo. Ndugu zake ni wengi kuliko wa mwenye nacho, na kila mmoja ana msiba au bati la kuezekea. Mzee aliona mbali: baada ya mwaka mmoja hakuna kitakachobaki.

Tukaenda kliniki watatu. Dokta, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akapima umbali kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Milimita 9. Kawaida ni 2 au 3. Akatuonesha kifaa: vipande viwili vya plastiki, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vyenye miteremko inayokutana. Mtoto akifunga mdomo, taya la chini halina njia ila kuja mbele. Kilibuniwa na daktari William Clark wa Uskoti mwaka 1977, kwa ajili ya mtoto aliyeumia jino la mbele. Huvaliwa karibu saa zote, kwa miezi mingi.

"Sasa Dokta," Mzee akauliza, "nikilipa leo, taya litakuja mbele?"

"Mzee wangu, meno yatasogea. Taya siwezi kukuahidi."

Nikaingilia kimbelembele cha kiandishi: asilimia ngapi? Dokta akacheka. "Mwanangu, naweza kukupa wastani wa watoto mia. Huyu ni mmoja."

Njiani Mzee alinuna. Amekuwa fundi mitambo maisha yake yote, na kwake fundi asiyejua kama injini itawaka si fundi. Mimi nikahisi kuna habari hapo. Usiku nikakaa kwenye kompyuta.

Nilichokuta kimenishangaza. Watu wamepiga picha za eksirei za vichwa vya watoto kwa kipimo maalumu tangu 1931, Broadbent kule Marekani na Hofrath kule Ujerumani. Kisha akaja Arne Björk wa Copenhagen, aliyepachika vipini vidogo vya chuma ndani ya mifupa ya mataya ya watoto, vikawa alama zisizohama, akawapiga picha mwaka baada ya mwaka. Akaona kwamba taya halisogei mbele kama droo. Linapokua linazunguka. Kwa watoto wengine linazunguka kuja mbele na kidevu kinachomoza chenyewe. Kwa wengine linazunguka kushuka na kurudi nyuma, uso unarefuka, kidevu kinabaki pale pale. Watoto wawili wenye meno yanayofanana leo wanaweza kuishia na nyuso tofauti kabisa.

Mwaka 1969 Björk aliandika dalili ambazo aliamini zinaweza kumwambia daktari mapema taya litaelekea wapi. Madaktari wakazipokea. Halafu mwaka 1984 Sheldon Baumrind na wenzake wakafanya jambo ambalo kila mwandishi angetamani kufanyia wanasiasa: wakawapa mabingwa watano picha za watoto za kabla ya tiba, wakawaambia wateue ambao mataya yao yangezunguka kurudi nyuma. Majibu yalikwishajulikana. Mabingwa hawakushinda mtu anayerusha shilingi.

Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Kisha nikakumbuka kwamba yule mama wa kliniki ametuambia hivyo hivyo bure, nasi tukamnunia.

Swali la Mzee la "sasa au baadaye" lina majibu bora kidogo. North Carolina na Uingereza walifanya majaribio makubwa: watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaanza tiba wadogo, wengine wakasubiri. Waingereza walitumia kifaa hicho hicho cha Clark, kwa watoto wa miaka 8 hadi 10. Mwanzoni walioanza mapema walionekana wameshinda, ingawa sehemu kubwa ya mabadiliko ilikuwa meno kuegemea upande mwingine, si mfupa. Matokeo ya mwisho ya Marekani yalitoka 2004, ya Uingereza 2009. Waliosubiri mpaka miaka 12 hivi walifika pale pale, kwa safari chache zaidi za kliniki. Faida ya kuwahi iliyosimama imara ni moja: meno machache zaidi ya mbele yanayovunjika. Na mtoto wetu ni golikipa!

Lakini kulikuwa na jingine. Mwaka 2003 Waingereza wale waliandika kwamba watoto walioanza mapema walijithamini zaidi na walisumbuliwa kidogo na wenzao. Baadaye tofauti hiyo haikudumu. Mimi nilisoma sentensi ile mara tatu. Mtafiti anaweza kusema kwamba mwishowe wote wako sawa, na ni kweli. Ila Sungura haishi mwishoni, anaishi darasa la tatu.

Tulirudi kliniki, safari hii Mzee kanyamaza. Dokta akasema yeye angesubiri Dogo aanze kurefuka kwa kasi, maana ndipo taya nalo linapokua haraka. Watoto wa kiume huchelewa kuliko wa kike. Kuna wanaotazama mifupa ya mkono, kuna wanaotazama pingili za shingo kwenye eksirei, lakini yeye huanza na urefu, unapimwa nyumbani. Wakati huo golini avae kinga ya meno. Na kama matani ya shule yanamuumiza, tuanze sasa, tukijua tunalipia nini. Kifaa nacho hakifanyi kazi kikiwa mfukoni, akaongeza, akimtazama Dogo, mtu anayepoteza viatu viwili kila muhula.

Tukamuuliza mwenyewe. Akafikiri sana.

"Nikivaa hicho, nitaruhusiwa kudaka?"

Dokta akasema wakati wa mpira angekivua. Dogo akasema basi atasubiri, maana angekisahau golini. Kuhusu Sungura alisema kipa wa timu pinzani anaitwa Nyani.

Mzee amefungua akaunti mpya yenye sahihi mbili, yake na yangu. Ndani kuna hela ya taya, miaka mitatu mbele, na mshahara wangu mnaujua unavyochelewa. Shangazi keshapiga simu mara mbili, eti kasikia kuna fedha "imekaa tu".

Jumapili Mzee akachora mstari wa kwanza kwenye fremu ya mlango kwa penseli ya useremala. Sentimita 132. Halafu akainama, akaona visigino viko hewani, akavigonga kwa rula na kupima upya.

Zilikuwa 129.